Mashine haitagi

Boksi lilikuwa na matundu ya duara pembeni, na ndani yake mlikuwa na vifaranga ishirini na watatu. Niliwahesabu mara mbili kwa sababu nilikuwa napoteza muda makusudi. Ishirini na wawili walikuwa wanalia na kukanyagana. Mmoja alikuwa amesimama kwenye kona, macho kafumba, mabawa yameshuka kama mtu aliyebeba ndoo mbili.

"Dada, chukua wote nikupunguzie. Majike watupu hawa."

Nikamuuliza muuzaji mayai yao yametoka wapi.

"Mashineni," akasema, maana yake mashine ya kutotolesha.

Hakuwa na ukali wala ujanja. Alinijibu kama mtu aliyeulizwa mvua inatoka wapi. Nikashukuru, nikaondoka mikono mitupu, nikijiona mjinga kidogo, maana nyumbani bruda, kile kizimba cha kulelea vifaranga, ilikuwa tayari: maranda safi, kinyweshea kimejazwa, taa inawaka tangu asubuhi ili joto litulie kwenye nyuzi 33. Nilifika nikaikuta inaangaza maranda matupu. Nikaizima.

Jibu lile halikuzimika. Nilikaa nalo wiki tano.

Mashine haitagi.

## Kumi na wanane

Mwaka jana nilinunua vifaranga kumi na wanane kutoka sehemu tatu tofauti ndani ya siku nne. Wa kwanza walikuwa wanane, nikaona hawatoshi. Nikaongeza sita kwa mtu mwingine. Wa mwisho wanne niliwapata kwa mtu ambaye hata sura yake siikumbuki. Nilitaka kumi na wanane kwa sababu banda linabeba kumi na wanane. Ndiyo, sababu ilikuwa hiyo tu.

Siku ya tano wakaanza kujikusanya chini ya taa ingawa kipimajoto kilikuwa kinasoma 34. Walikuwa wanalia kila wanapojisaidia, sauti nyembamba ya kukatika. Kinyesi kilikuwa cheupe kama chokaa, kinaganda kwenye manyoya ya nyuma mpaka njia inaziba. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilikuwa nakaa chini na bakuli la maji ya uvuguvugu na pamba, namsafisha mmoja mmoja, namkausha kwenye kitambaa, namrudisha. Mchana wanaziba tena.

Wiki ya pili ilipokwisha nilikuwa nimezika kumi na watano.

Mtaalamu wa mifugo aliwapasua wawili mbele yangu, juu ya gazeti. Ini lilikuwa na madoadoa meupe. Kwenye tumbo, kiini cha yai ambacho kingetakiwa kuwa kimeshafyonzwa siku nyingi kilikuwa bado kipo, kimevilia. Akachukua sampuli, na majibu yaliporudi akaniambia ni kuhara nyeupe, pulorumu kwa jina la wataalamu.

"Hawa wametoka nao kwa mama," akasema.

Mimi nikasikia: si kosa lako. Alisema na maneno mengine kuhusu wale watatu waliobaki, lakini nilikuwa na machozi na nilikuwa nimeshapata nilichokuwa nakitaka.

## Wanachopewa na mama

Huyu bakteria ni wa jamii ya salmonela. Kwa kuku mzima anaweza kujificha kwenye ovari bila kumsumbua mwenyewe. Mtetea anakula, anataga, manyoya yanang'aa, ukimwona unamtamani. Ila baadhi ya mayai yake yanatoka na bakteria tayari ndani.

Yai la namna hiyo likiingia mashineni pamoja na mengine mia tatu, kifaranga anayetoka na ugonjwa anakaukia humo humo. Feni inapuliza. Yale manyoya mepesi yanageuka vumbi, na wenzake waliototolewa wazima wanalivuta kabla hata hawajajua kusimama. Kwa hiyo mashine kweli ina sehemu yake katika habari hii, ingawa si ile aliyoikusudia muuzaji. Ndani ya mashine, watoto wa mama wasiojuana wanavuta hewa moja kwa mara ya kwanza.

Jicho halisaidii hapa. Kinachosaidia ni tone la damu. Kuku mzazi anachomwa kwenye mshipa wa bawa, tone linawekwa kwenye kigae cheupe, linachanganywa na tone la dawa ya rangi ya zambarau, kigae kinazungushwa taratibu. Ndani ya dakika mbili, damu ikibaki laini, kuku amefaulu kipimo. Ikikatika vipunjepunje kama maziwa yaliyochacha, kuku huyo hafai kuzaa. Si jambo jipya hata kidogo: Marekani ilianzisha mpango wa kitaifa wa kupima makundi ya kuku wazazi mwaka 1935, na kilichowasukuma ni ugonjwa huu huu.

Nilipolielewa hili ndipo nilipojua kwa nini jibu la "mashineni" lilinikaa kooni. Nilikuwa nimeuliza kuhusu ukoo, nikajibiwa kuhusu chumba cha kujifungulia.

## Jana ya nani?

Basi nikaanza kutafuta mtu anayeweza kunijibu.

Muuzaji wa boksi sokoni nilimwondoa kwanza. Simlaumu. Yeye ni mkono wa tatu au wa nne, anauza kilichomfikia.

Wakala alinichukua muda zaidi. Wakala mzuri anajua kituo kilichototolesha na anajua siku. Shida ni masalia. Boksi la Jumanne likibaki na vifaranga kumi, linamwagiwa kwenye boksi la Ijumaa, na tangu hapo hakuna tena anayejua nani ni nani. Nilimpigia mmoja nikamuuliza vifaranga wametotolewa lini.

"Jana."

"Jana saa ngapi?"

Kimya. Halafu: "Jana, dada."

Saa zina maana kubwa kuliko nilivyokuwa nadhani. Kifaranga kabla hajavunja ganda huwa anakivuta ndani ya tumbo kiini kilichobaki, na hiyo ndiyo akiba yake. Anaweza kuishi nayo hadi saa 72 hivi bila kula wala kunywa. Akiba hiyo ndiyo iliyozaa biashara nzima ya kusafirisha vifaranga. Posta ya Marekani ilianza kuwapokea kama vifurushi mwaka 1918, na ni kwa sababu ya kile kiini tu.

Lakini saa zinahesabiwa kuanzia kifaranga anapotoka kwenye ganda. Mlango wa gari unapofungwa, saa nyingi zimeshakwenda. Na mayai ya mashine moja hayaanguliwi kwa pamoja. Kati ya wa kwanza na wa mwisho inaweza kupita siku nzima na zaidi. Wakati wa mwisho bado ana unyevu, wa kwanza ameshakula theluthi ya akiba yake akiwa amesimama kwenye trei. Ongeza kupangwa, kuchanjwa, kupakiwa, barabara, wakala, usiku mmoja dukani. Halafu mtu anakwambia "jana".

Sasa yule wa kwenye kona, aliyefumba macho, nikimkumbuka sijui kama alikuwa mgonjwa au alikuwa ameishiwa tu.

## Kubwa na dogo

Vituo vikubwa vya kutotolesha vinajibu. Nilishangaa. Kimoja kiliniambia mpaka umri wa kuku wazazi kwa wiki, na nikajifunza kwamba hilo ni swali la maana: mitetea wachanga hutaga mayai madogo, na kifaranga huzaliwa na uzito wa kama theluthi mbili za yai lake, kwa hiyo mama mdogo, mtoto mdogo. Waliniambia chanjo walizochanja. Waliniambia kundi la wazazi lilipimwa lini.

Halafu wakaniambia oda ya chini ni vifaranga 100.

Nilitaka kumi na wawili.

Wafugaji wadogo wa mbegu, wale wenye mitetea ishirini na majogoo wawili, wanakuuzia hata watano. Kuku wao wanawajua mmoja mmoja, huyu mkali, huyu anapenda kuatamia, huyu hataki mvua. Kitu ambacho wengi wao hawana ni chanjo ya ugonjwa wa Mareki, unaoletwa na kirusi, na sababu yake niliielewa nilipoacha kuwalaumu. Chanjo ile hupewa kifaranga siku ya kwanza, kabla hajakutana na kirusi. Chupa yake kwa kawaida ni ya dozi 1,000, na ukishaichanganya inabidi uitumie ndani ya saa chache. Mtu aliyetotolesha vifaranga thelathini afanye nini na dozi 970?

Ugonjwa wenyewe unaitwa kwa jina la daktari wa mifugo wa Hungaria, József Marek, aliyeueleza mwaka 1907. Wengi tunaujua kwa ile picha yake: kuku kijana amelala, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, kama anayeruka kiunzi. Kilichonikwamisha zaidi ni kwamba chanjo inazuia ugonjwa lakini haizuii kirusi. Aliyechanjwa anaweza kukibeba na kukitoa kwenye vumbi la manyoya huku mwenyewe yuko mzima kabisa. Ukimchanganya na ambaye hajachanjwa, unaweza kuwa umemletea kifo kwa nia njema. Kwa hiyo kuchukua nusu huku nusu kule, ambayo ndiyo ilikuwa suluhisho langu la mwaka jana, ndiyo njia mbaya kuliko zote.

Nilifikiria pia kununua mayai nitotoleshe mwenyewe. Siku 21, nyuzi 37.5, geuza mara kadhaa kwa siku, acha kugeuza siku tatu za mwisho. Nilikuwa nimeshaanza kuulizia mashine ndogo nikagundua kwamba swali langu lingehama tu kutoka kwa kifaranga kwenda kwa yai. Nikaacha.

## "Majike watupu"

Maneno haya nayo yalinifuata. Nilitaka kujua muuzaji alijuaje.

Njia ninazozijua ni tatu. Ya kwanza ni kumfunua kifaranga sehemu ya haja kwa kidole na kutafuta kiuvimbe kidogo kama kichwa cha pini. Wajapani ndio walioifanya kazi hii kuwa taaluma, wakaifundisha dunia kuanzia miaka ya 1930, na mtu huchukua muda mrefu kuimudu. Ya pili ni kutazama manyoya ya bawa, lakini inafanya kazi pale tu wazazi walipochaguliwa kwa kusudi hilo, mama wa ukoo unaochelewa kuota manyoya na baba wa ukoo unaowahi. Ya tatu ni rangi: ukimpandisha jogoo wa Rhode Island Red kwa mitetea wa Light Sussex, majike hutoka wekundu na madume hutoka weupe wa njano. Nayo inategemea uwajue wazazi.

Muuzaji wangu hakumjua mama. Kwa hiyo aliniambia nilichotaka kusikia, kama mimi nilivyojisikilizisha kwa yule mtaalamu.

Wasipotenganishwa ni nusu kwa nusu, ila nusu hiyo ni ya wastani. Nilikaa na karatasi nikapiga hesabu. Kwa vifaranga kumi, nafasi ya kupata madume saba au zaidi ni kama 17 katika 100. Karibu mara moja kati ya sita unaamka na kwaya.

Mume wangu alipoiona ile karatasi akasema, "Basi nunua kwenye kituo wanachotenganisha, yaishe."

Ingeisha. Lakini kule kwa kuku wa mayai, nikinunua majike kumi, wenzao kumi wako wapi? Hawatagi, hawanenepi upesi, na mahali pengi huuawa siku ile ile waliyototolewa. Ujerumani ilipiga marufuku jambo hilo kuanzia Januari 2022, na sasa kuna mitambo inayotambua jinsia yai likiwa bado halijaanguliwa. Sijifanyi mtakatifu, kuku nawala. Lakini nilijua kwamba nikisema "majike tu" nitakuwa nimemwomba mtu mwingine afanye kitu ambacho mimi sitaki kukiona. Nikaamua nitachukua mchanganyiko, majogoo nitawalea mpaka wafae, na kelele nitazijibu mwenyewe.

Nilijiona mtu mwenye dhamiri sana siku ile. Hiyo ilidumu mpaka Alhamisi.

## Aliyeniuliza mimi

Alhamisi nilimpigia mfugaji mmoja mdogo wa mbegu, mzee kwa sauti yake. Nilikuwa na maswali yangu tisa kwenye daftari. Akayajibu yote bila haraka. Kundi lake linapimwa damu kila mwaka. Chanjo ya Mareki wanaletewa kwa kuungana, wafugaji watano wanatotolesha siku moja na wanagawana chupa asubuhi ile. Nikaomba niende kuwaona kuku wake.

"Hapana, mwanangu. Bandani kwangu haingii mtu."

Nikaandika pembeni ya jina lake: *anaficha kitu*.

Halafu akaniambia, "Na mimi nina maswali. Una kuku wengine hapo?"

Watatu.

"Umewatoa wapi?"

Nikamweleza. Nilimweleza vizuri, kama mtu anayesimulia msiba wake, kumi na wanane, kumi na watano, chokaa, pamba. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hao watatu ndio waliobaki wakati wa kuhara nyeupe?"

"Ndiyo."

"Na bado unao."

Nikasema wanataga vizuri sana.

Ndipo maneno ya yule mtaalamu yaliponirudia, yote, kama yalikuwa yamekaa mlangoni yanasubiri nifungue. Aliniambia: hao wakipona hawaponi. Watabaki na mbegu ya ugonjwa ndani. Mayai yao usiyatotoleshe.

"Sitakuuzia," mzee akasema, kwa upole. "Siwezi kuwaleta watoto wangu hapo. Na ndiyo maana sikutaki bandani kwangu na viatu vyako. Safisha kwanza."

Nilifuta nilichokiandika pembeni ya jina lake. Wiki tano nilikuwa nazunguka nikiwakagua watu, na wa kwanza kunikagua mimi nilikuwa nimeshamwita mwongo.

Hilo lingetosha. Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia mzee.

## Mayai manane

Katika wale watatu, mmoja ni jogoo.

Miezi mitano nyuma, jirani yangu alikuwa na mtetea anayetaka kuatamia na hakuwa na mayai yenye mbegu. Nilimpelekea manane kwenye bakuli, nimeyafunika kwa kitambaa. Nilijisikia mkarimu. Angeniuliza mama yao ni nani ningemwonyesha kwa kidole juu ya uzio: wale pale, wazuri, wagumu, walinusurika.

Hakuniuliza. Kwa nini aniulize? Mimi ni jirani.

Nilichukua siku mbili kabla ya kwenda. Siku ya kwanza nilijiambia kwamba huenda hakuna kilichotokea. Siku ya pili nilijiambia kwamba kama kingetokea angesema. Jumamosi nikaenda.

Alikuwa anakunja nguo. Nikamuuliza yale mayai yaliishia wapi.

"Walitoka sita," akasema. "Wanne walikufa wiki ya pili. Nikadhani baridi. Wawili wamekua."

"Walikuwa wanaharisha nyeupe?"

Akaacha kukunja. "Kumbe unajua?"

Nikamwambia. Niliongea haraka na vibaya, nikaanza na bakteria badala ya kuanza na samahani, mpaka akaniinulia mkono. Hakukasirika kama nilivyotegemea, na ningependa angekasirika. Aliuliza kitu kimoja tu: "Na mtetea wangu?"

Sikuwa na jibu. Nikarudi nyumbani, na njiani lile neno "mashineni" lilikuja tena.

## Kigae

Mtaalamu alikuja na kigae chake, sindano na kichupa cha zambarau. Alianza kwa jirani, nilimwomba iwe hivyo.

Mtetea wake: dakika mbili, tone likabaki laini kama rangi ya maji. Nilikuwa nimeshikilia pumzi bila kujua. Kijana wa kwanza wa yale mayai yangu: laini. Wa pili: kabla hata dakika moja haijaisha, tone likaanza kukatika ukingoni, vipunje vikatengana na maji yake, vikazunguka kwenye kigae kama mchanga.

Akamshika huyo kijana kwapani kama mtu aliyebeba kitabu. Alikuwa jike, ameanza kupata upanga mwekundu.

Kwangu, mitetea wote wawili walikatika. Jogoo alikuwa laini. Kwa siku moja nzima nilijidanganya kwamba jogoo anaweza kubaki. Lakini amelala nao mwaka mzima na kipimo kimoja si ahadi. Tuliwaondoa wote watatu. Sitaeleza.

Baada ya hapo ilikuwa kazi. Matandiko yote nje, yakachomwa. Kuta kusuguliwa kwa sabuni kwanza kisha dawa, kwa sababu dawa juu ya uchafu haifanyi kitu. Vyombo vya plastiki vilivyopasuka kutupwa, maana mipasuko haisafishiki. Milango wazi, jua liingie. Viatu vya bandani na viatu vya nje vikatengana, na beseni la dawa likawekwa kizingitini. Wiki sita banda likakaa tupu. Mume wangu akaanza kuliita makumbusho.

Nilipompigia mzee aliuliza tena kila kitu, mpaka kuhusu jirani. Safari hii nilimwambia. Akanyamaza kidogo, akasema, "Haya. Mayai nimeyaweka Jumatano. Hesabu mwenyewe."

## Siku ya 21

Alinipigia alfajiri. Walikuwa wameanza kutoka tangu usiku. Wa kwanza alitoka saa nne usiku, aliandika. Nilimsubiri getini, kama alivyotaka, na akaniletea boksi mwenyewe. Vifaranga kumi na wawili, wamechanjwa asubuhi ile, na karatasi yenye tarehe ya kipimo cha wazazi.

Aliniambia nimkague mmoja mmoja na nisione aibu. Kitovu kimefunga, hakina uzi wala ubichi. Miguu inang'aa kama imepakwa nta. Macho wazi. Akamlaza mmoja chali kwenye kiganja.

"Hesabu tatu. Asiponyanyuka, mrudishe."

Nikasema moja. Nilikuwa naanza mbili alipokuwa ameshasimama na ananidonoa kucha.

Mmoja hakusimama. Mzee akamchukua bila neno, akarudi na mwingine.

Njiani nililiweka boksi mapajani. Mtu akikaa karibu na vifaranga anajifunza sauti zao upesi: kelele kali ya juu ni baridi au hofu, na ule mnong'ono wa chinichini ni kwamba mambo ni shwari. Kila gari lilipopunguza mwendo walilia, likikaa sawa walinong'ona. Nyumbani taa ilikuwa inawaka, nyuzi 33. Nilimchovya kila mmoja mdomo kwenye maji kabla ya kumwachia.

Jioni jirani alikuja mpaka kwenye uzio. Hakuvuka. Tangu siku ya kigae havuki, wala mimi sivuki kwake na viatu vya bandani.

"Wangapi?"

"Kumi na wawili."

"Majike?"

"Sijui. Mwenyewe hajui."

Akacheka kidogo, cheko la kwanza baada ya muda. Halafu akasema mtetea wake ameanza tena kukaa kwenye kiota, anavimba akikaribiwa, na safari hii hajui atampa nini.

"Hawa wakifika miezi minne tunawapima damu," nikasema. "Wakianza kutaga, nakuletea."

Alihesabu kwa vidole kwenye waya wa uzio. "Mtetea wangu hawezi kusubiri miezi sita."

"Najua."

"Basi nipe namba ya huyo mzee," akasema.